Patchi ya konsoli ya mapema: naikubali, ila ile lupu hapana

Wakuu, jamaa yetu mmoja hapa Mwanga, Kigoma, ameandika patchi (marekebisho ya kodi) ya kerneli ya Linux, yaani kile kiini cha mfumo, inaipa draiva ya siriali (ule waya wa kutolea maandishi) ya bodi yetu, kikompyuta kidogo, uwezo wa kutoa maandishi mapema kabisa kwenye buti, yaani ile earlycon. Nimeisoma mstari kwa mstari, na kijiweni tushagawanyika.

Wanaoikubali wana hoja nzito aisee. Konsoli ya kawaida (kerneli inapoandikia ujumbe wake) inaamka baadaye, draiva ikishapakiwa, sasa kerneli ikifia kabla ya hapo unaona butiloda (programu inayoipakia kerneli) imemaliza kazi yake halafu kimyaa, hujui imekwama wapi. Earlycon inaandika moja kwa moja kwenye rejista za chipu, vile visehemu vyake vya kupokelea amri na data. Na kodi yenyewe fupi, mfumo wa pamoja upo kwenye kerneli tangu 2014, draiva inaleta tu fankisheni ya kusukuma herufi.

Wanaopinga wanasema buti itakuwa nzito. Kweli kidogo, kwa spidi ya 115200 herufi moja ni biti 10 ukihesabu ya kuanzia na ya kumalizia, so sekunde moja herufi 11,520 tu, logi ya herufi 30,000 inakula kama sekunde 2.6 na prosesa imekaa inasubiri. Lakini usipoandika neno earlycon kwenye vigezo vya kubuti hakuna kinachowaka, hiyo hoja naona ya kutafutiza.

Shida yangu mimi ni lupu, kodi inayojirudia. Ameandika kwamba biti ya foleni ya kutuma ikiwa imejaa, zunguka, basi, hakuna kikomo. UART (chipu ya siriali) ikiwa haijawashwa vizuri au klogi yake (mapigo yanayoiendesha) imezimwa katikati, hiyo biti inaweza isishuke tena na bodi inaganda mazima (kuna chipu zinaganda hata kwa kusoma tu rejista bila klogi, hapo kikomo hakisaidii kitu).

Mwenyewe anasema draiva kibao ziko hivyo hivyo, na ukiweka kikomo utapoteza herufi kwenye paniki (kerneli ikifa kwa kosa), ndo muda unazihitaji. Ana pointi. Ila bodi moja iko Kalinzi inasoma joto la stoo ya kahawa, na tunajuana, mtu akishamaliza kusaka bagi anasahau kulitoa lile neno earlycon. Ikiganda kule kuna mtu apande gari na laptop na waya wa siriali. Bora herufi zipotee. Ahesabu mizunguko tu, asitegemee saa, mapema vile saa za kerneli zenyewe hazijakaa sawa. Akirekebisha hapo tu naipitisha.