Daktari, weka kalamu chini kwanza

Mamangu ameumwa na goti la kulia karibu miaka mitatu sasa, na tumezunguka Nakuru hii yote, kila mahali anapigwa picha, anaandikiwa dawa za maumivu, tunarudi nyumbani na bahasha za tembe na usiku bado namsikia akilia polepole ndio tusiamke. Kuna kliniki moja daktari alianza kuandika kabla hajamaliza kusema goti lilianza lini, mama akanyamaza tu, akaanza kufunga leso yake upya.

Hiyo leso ilinikaa moyoni. Mwaka wa 1984 kule Marekani watafiti Beckman na Frankel walichapisha utafiti wao, walikuwa wamerekodi madaktari wakiongea na wagonjwa, wakapata mgonjwa anakatizwa baada ya sekunde 18 kwa wastani. Sekunde 18 mamangu bado yuko kwa salamu!

Mwaka jana tukapata daktari wa familia, wale wamesomea kumhudumia mtu na jamaa yake yote, si kiungo kimoja tu (Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianza kuwafundisha 2005 na bado ni wachache sana). Akaweka kalamu chini, akageuza kiti, akasema, "Mama, nieleze vile imekuwa, pole pole tu." Mama alipokwama daktari naye akanyamaza, akangoja, na mimi nilikuwa karibu nijibu kwa niaba yake, nashukuru Mungu nilijizuia. Ndio mama akasema tangu tumzike baba hajawahi kulala kitandani, analala kwa kiti cha sebule, mguu umekunjwa mpaka asubuhi. Mimi naishi naye na sikujua.

Cicely Saunders, yule daktari alifungua hospisi (mahali pa kutunza wagonjwa wasio na tumaini la kupona) ya St Christopher's London mwaka wa 1967, alifundisha kwamba maumivu hayakai mwilini peke yake, kuna ya moyo, ya roho, hata ya shida za nyumbani. Sasa hayo ya moyo utayaonaje kwa picha ya goti?

Najua laini ni ndefu, najua kuna madaktari wanaona watu tangu asubuhi bila hata chai, na hao serikali iwaongezee wenzao. Lakini jamani, mtu amalize sentensi yake.

Goti halijapona kabisa. Ila mama amerudi kitandani, na siku ya kliniki saa kumi na mbili asubuhi ashavaa sweta yuko mlangoni, na haulizi kama dawa ziko, anauliza kama daktari wake yuko.