Kaza tu, baba

Niliigundua bafuni. Upande wa kulia wa korodani, mishipa imevimba na kujiviringisha kama tambi zilizolala. Nina miaka 46, sijawahi kuwa na kitu huko. Nikamnong'oneza mzee mmoja kijiweni kwetu Temeke, naye akasahau kunong'ona: "Busha hilo! Madafu yamekuzidi!" Kijiwe kizima kikaweka vikombe chini.

Daktari hakutaka habari za madafu. Alinisimamisha, akanilaza, akabonyeza, uso ukamkunjika. "Hii ni varikoseli, mishipa ya korodani iliyovimba. Nyingi zinakaa kushoto. Mshipa wa kule unaingia kwenye mshipa wa figo kwa kona kali, damu inasuasua. Yako iko kulia peke yake, imeanza ukubwani, na ukilala hainywei. Tuangalie tumbo, isije ikawa kuna uvimbe umeubana mshipa. Pengine hamna kitu."

Mimi nilisikia "uvimbe" tu. Nafika dirisha la malipo nimeshagawa mirathi: gari kwa mdogo wangu, kuku kwa mama mkwe, maana yule ukimsahau atasema hadi arobaini.

Altrasaundi wakataka kibofu kijae. Nikanywa chupa mbili za lita moja, kwa sifa. Kumbe foleni ni ya wajawazito, tisa mbele yangu. Wa mwisho alinitazama nilivyobana magoti, akanipisha bila kuombwa.

Ndani, dada wa kipimo akanimwagia ile jeli ya baridi. Figo ya kulia, ya kushoto, ini. Kimya. Halafu: "Huku kote safi, sioni uvimbe." Nikarudisha kuku kimoyomoyo.

"Tunamalizia huku chini. Shusha suruali. Sasa kaza tumbo kama unasukuma choo, nione damu inavyorudi."

"Dada, nina lita mbili humu."

"Kaza tu, baba."

Nikakaza.

Damu ilirudi, aliiona kwenye skrini. Na maji nayo yakaja. Dada aliinua kile kifaa juu kama mtu anayevuka mto na simu mkononi, mimi nikawa naomba radhi na bado namwaga, maana lita mbili zikishaanza safari hazisikii pole. Suruali ilikuwa magotini, ikapokea zote.

Nyumbani nilikuwa nimeaga naenda gereji. Mke wangu akaniangalia kuanzia kiunoni mpaka kwenye viatu.

"Baba Salma, leo fundi kaosha na dereva?"