Pete Iliyotangulia Kanisani

Mke wangu nilimpata kwa sababu ya chupa ya soda. Tulikuwa mwaka wa pili chuoni Morogoro, bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, limeingia juzi, nimekaa kantini najifanya tajiri. Kipande cha mrija kikazama chupani. Nikatia kidole kukivuta. Kuingia kiliingia, kutoka kikagoma. Wenzangu badala ya kunisaidia wakatoa simu wapige picha. Binti mmoja wa meza ya pili akanyanyuka kimya, akaomba sabuni ya vyombo jikoni, akawa anaizungusha chupa taratibu huku akinisema kama shangazi yangu: "Kaka, wewe kila kitu lazima ujaribu?"

Posa, mahari, kamati ya harusi, meseji za kudai michango zisizo na haya, matangazo Jumapili tatu: nayaruka, kila mtu anayajua. Niende usiku wa kuamkia ndoa.

Dar es Salaam, Desemba, feni inasukuma hewa ya moto tu. Pete ziko mezani ndani ya kiboksi chekundu. Mchumba alishanionya: usiijaribu. Nikaijaribu. Ikapanda kidoleni bila shida, nikajitazama kwenye kioo, nikajipenda. Kuivua, wapi!

Mpambe wangu, aliyekuwa ananipigia suruali pasi, akadhani natania. Tukaanza na sabuni ya mche. Tukaja mafuta ya nazi. Saa saba usiku tunakizungushia kidole uzi kama tulivyoona mtandaoni. Uzi nao ukakatikia humo humo. Kulipokucha kidole kimekuwa soseji. Na mtaalamu pekee wa jambo hili yuko kwa shangazi zake, simu wamemnyang'anya.

Kanisani, padri akafika kwenye kubariki pete. Kisahani kina moja. Akamwangalia mpambe, mpambe akaangalia paa. Ikabidi ninyooshe mkono wa kushoto kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

"Umeshajivisha?" padri akaninong'oneza.

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Jamaa mmoja wa sauti ya besi kwenye kwaya akaangua kicheko, kanisa zima likamfuata.

Bibi harusi hakucheka. Alikishika kidole, akakigeuza, akauona uzi mweupe umechungulia chini ya pete. Akainama, shela ikanigusa shavu.

"Mlitumia sabuni gani?"

"Ya mche."

Akafumba macho kwa uchungu. Padri, Mungu ambariki, akanyunyizia maji ya baraka pete pamoja na mwenye kidole, naye bibi harusi akaisukuma ile milimita mbili iliyobaki huku akitamka maneno yake bila kutetereka. Ukumbini ilipoletwa ndafu, mama mkwe akachovya mafuta yake akanipaka mbele ya kamera. Haikusogea.

Fungate tulikwenda Lushoto. Kule milimani asubuhi ni baridi ya kweli. Siku ya tatu nanawa uso, pete ikateleza yenyewe, haina hata sabuni, ikagonga sinki mara moja, ikatumbukia kwenye tundu la kutolea maji. Niliiona inang'aa pale karibu tu.

Nikatia kidole.

Mke wangu alinisikia nikimwita kutoka bafuni. Hakuuliza kuna nini. Nilisikia mlango ukifunguliwa, kandambili zikielekea jikoni kwa wenye nyumba ya wageni, na sauti yake ikiomba, kwa adabu kabisa, sabuni ya vyombo.