Kambi ya Agosti na mtoto wa makao

Likizo ya muhula wa pili ikifika, baadhi ya makao ya watoto hapa Uganda huwapeleka watoto kambini kwa wiki moja. Wanalala kwenye mahema kando ya Ziwa Viktoria, wanacheza, wanaimba usiku kuuzunguka moto, na wanafundishwa stadi za maisha. Sisi tunaofanya kazi na watoto hawa hatukubaliani. Wapo wanaosema hiyo ndiyo wiki njema kuliko zote kwa mtoto anayelelewa nje ya familia. Wapo wanaosema fedha hizo zingetosha nauli ya kumfikisha kwa shangazi yake. Mimi naitetea kambi, lakini kwa masharti.

Mtoto wa nyumbani hutumwa dukani. Anapewa shilingi elfu tano alete sabuni na chumvi, na chenji irudi yote. Katika kutumwa huko anajifunza hesabu, anajifunza kusema na watu wazima, anajifunza kumtambua anayetaka kumpunja. Mtoto wa makao hula posho (ugali) na maharage kutoka sufuria moja kubwa, nguo anagawiwa, getini kuna mlinzi. Anaweza kufikisha miaka 18 hajawahi kuwasha sigiri, yaani jiko la makaa, wala kupanda taksi, basi dogo la abiria, peke yake, kisha siku hiyohiyo anaambiwa ni mtu mzima. Kambini nilimwona msichana aliyepewa shilingi 10,000 akanunulie kikundi chake chakula. Alisimama mbele ya mafungu ya nyanya kwa muda mrefu, akiogopa kuuliza bei. Siku ya nne alikuwa anadai nyongeza.

Halafu kuna ndugu. Makao mengi hupokea watoto kwa umri au kwa jinsia, kwa hiyo kaka na dada waliotoka nyumba moja huweza kulelewa wilaya mbili tofauti. Kambi inayokusanya makao kadhaa inaweza kuwalaza mahema jirani kwa siku saba. Kwangu hoja hii inazidi nyingine zote, na inanishangaza kwamba husikika mara chache.

Wapinzani nao wana hoja nzito. Mfumo wa Malezi Mbadala wa mwaka 2012, mwongozo wa serikali ya Uganda kuhusu watoto wasiolelewa na wazazi wao, unaiweka taasisi kama makao kuwa kimbilio la mwisho. Sheria ya Watoto hairuhusu amri ya mahakama ya kumweka mtoto chini ya malezi izidi miaka 3, na inayataka makao yaliyoidhinishwa yamlee mtoto mpaka familia iweze kumpokea. Mtoto anayesoma hana nafasi ya kukaa kwa bibi yake isipokuwa likizo. Kambi ikiimeza likizo hiyo, tumempa furaha ya wiki moja na kumnyima njia ya kwao. Hapa nakubaliana nao kabisa: ziara ya jamaa itangulie, kambi ichukue siku zinazobaki.

Linaloniuma zaidi ni urafiki wenyewe. Watoto hawa wameshaachwa na watu wengi. Agosti ni likizo Ulaya pia, na wanakuja vijana wenye moyo mzuri, wanawabeba watoto mgongoni, wanapendwa, kisha wanapanda ndege. Mlezi anayebaki ndiye anayekaa na mtoto anayekojoa kitandani wiki mbili baadaye. Wageni wafundishe kuogelea, wapike, wabebe maji, lakini anayelala hema moja na watoto awe mlezi watakayerudi naye.

Na marafiki waliopatana kambini wakutane tena. Mwaka mmoja, asubuhi ya kuondoka, wavulana wawili waliandikiana majina mkononi kwa kalamu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na simu. Wino ule haukupita siku mbili. Tangu hapo tunaandika daftari: jina la mtoto, rafiki yake, namba za walezi wao, na tarehe ya Desemba watakapoonana. Nauli ya Desemba tunaitenga kabla hatujakodi hema hata moja.