eFootball inaingiza pesa, mashabiki wa PES tumeachwa kwenye mataa

Mwaka 2024 Konami, kampuni ya Japani inayotengeneza gemu ya mpira ya eFootball, walitangaza kwamba gemu hiyo imepakuliwa zaidi ya mara milioni 750 duniani. Tangu hapo, ukiilalamikia gemu hii mahali popote unajibiwa kwa namba hiyo: kama ni mbovu, mbona watu wote hao wanayo? Sikubaliani na jibu hilo hata kidogo. Gemu ya bure inayoingia kwenye simu ya kawaida lazima ipakuliwe na watu wengi. Ninachouliza mimi ni hiki: wale waliokuwa wananunua PES (Pro Evolution Soccer), gemu ya Konami iliyoitangulia eFootball, kwa pesa yao mwaka hadi mwaka, wamepata nini tangu 2021?

Wengi wetu huku tuliijua gemu hii tangu ikiitwa Winning Eleven, kwenye PS1 na baadaye PS2 zilizochipiwa, na CD za mtaani zilizoandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito. Kwenye vibanda vya gemu sheria ilikuwa moja tu: aliyefungwa anatoa hela na kuachia padi, mshindi anabaki, anayefuata kwenye benchi anaingia. Ilipokuja PES 6 na Adriano wa Inter, ambaye mashuti yake kipa alikuwa anayasindikiza kwa macho tu, kuna watu walikubaliana kabisa kwamba Inter haichaguliwi, na anayeitaka acheze na kompyuta.

Leseni, yaani ruhusa ya kutumia majina na nembo halisi za klabu, hazikutusumbua. Liverpool iliitwa Merseyside Red, Chelsea ikaitwa London FC, na watu wakacheza tu, kwa sababu mpira wenyewe ulikuwa mpira. Pasi ndefu ilikuwa na uzito wake, beki mzito aligeuka kizito, na bao la kwenye PES ulilitafuta kwa jasho. Wapinzani wetu, gemu ya FIFA ya kampuni ya EA, walikuwa na majina yote na viwanja vyote. Sisi tulikuwa na sehemu ya kuhariri timu, ambako mtu alikesha akirekebisha majina, jezi na nembo, na vijana waliojua kompyuta wakaenda mbali zaidi, wakatutengenezea pachi, yaani mafaili ya kuibadilisha gemu, zenye Simba na Yanga ndani.

Halafu ilikuwepo Master League, sehemu ya kuendesha klabu yako msimu hadi msimu. Hapa naomba nisimame kidogo, maana ndiyo chanzo cha hasira yangu yote. Ulianza na kikosi cha watu wasiokuwepo duniani: Castolo, Minanda, Espimas. Hawana mbio, hawana nguvu, mechi za mwanzo unapigwa na kila mtu. Unakusanya pointi, unauza mmoja, unamnunua kijana wa miaka 17 ambaye hakuna anayemjua, unamlea. Misimu inapita, kijana anakuwa nahodha, na siku anapostaafu unajisikia vibaya kweli. Hakuna aliyekulipisha hata senti zaidi ya bei ya diski, na hukuhitaji bando. Ulihitaji umeme na muda.

Sasa tuje kwenye 2021. PES 2021, iliyotoka Septemba 2020, haikuwa gemu mpya. Ilikuwa PES 2020 iliyoongezewa usajili na jezi za msimu, ikauzwa kwa bei ya chini, na Konami wakasema wazi kwamba nguvu wameielekeza kwenye toleo kubwa la konsoli za kizazi kipya. Tulivumilia. Tukawa tunaambiana kuwa hawa watu wakirudi watarudi na kitu. Julai 2021 wakatangaza: jina la PES linaondoka, linakuja eFootball, itakuwa bure, na Fox Engine, injini (programu) iliyoiendesha PES, inawekwa pembeni kuipisha Unreal Engine, ili gemu moja iweze kwenda kwenye konsoli, kompyuta na simu.

Septemba 30, 2021 ikafika, na kilichotoka kila mtu alikiona. Klabu za kuchagua zilikuwa tisa tu: Barcelona, Manchester United, Juventus, Bayern, Arsenal, River Plate, Corinthians, Flamengo na São Paulo. Sura za Messi na Ronaldo zilizunguka mtandaoni dunia nzima kwa jinsi zilivyokuwa zimeharibika. Hilo ndilo watu wanalolikumbuka, lakini aliyeshika padi alikutana na balaa kubwa zaidi. Kwa miaka yote ya PES ulikuwa unabonyeza kitufe kimoja unamwita mchezaji wa pili akusaidie kumbana mwenye mpira. Mikono yetu ilikuwa imeshazoea, haifikirii tena. Kitufe hicho hakikuwepo. Unabonyeza, hakuna anayekuja, mshambuliaji wa mwenzako anapita katikati kama uwanja ni wa kwake, na mabeki wako wanarudi nyuma tu wakimwangalia. Gemu ya mpira wa miguu ikatoka bila njia ya kukaba iliyozoeleka kwa mashabiki wake wote.

Ndani ya siku moja ikawa gemu yenye tathmini mbaya kuliko zote kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Kesho yake, Oktoba 1, Konami wakaomba radhi hadharani. Toleo la 1.0 lililoahidiwa Novemba 11 likaahirishwa, na waliokuwa wamelipia kifurushi mapema wakarudishiwa pesa. Likaja kutoka Aprili 14, 2022, na kitufe cha kubana kikarudi. Kwa maneno mengine, kilichotolewa Septemba kilikuwa jaribio, likapewa hadhi ya gemu kamili. Kampuni iliyokaa kwenye biashara hii tangu enzi za PS1 ilijua inachokitoa.

Nitatenda haki. Sura zilirekebishwa, pasi zikatulia, na kufikia toleo la pili la Agosti 2022 mpira wa ndani ya uwanja ulikuwa unachezeka. Leo ukinipa padi nicheze mechi moja ya eFootball nitafurahia, tena sana. Kama tatizo lingekuwa sura na kukaba tu, haya yote yangekuwa yamekwisha siku nyingi.

Tatizo ni kwamba Master League haikurudi. Walisema itakuja baadaye kama nyongeza ya kulipia. Ikapita eFootball 2023, ikapita 2024, ikapita 2025, na Master League haikuwemo. Become a Legend, ambako unacheza kama mchezaji mmoja tu, nayo kimya. Badala yake kila wiki yanakuja maboksi.

Kwa ambaye hajawahi kuyafungua, nieleze yanavyofanya kazi, maana hapa ndipo pesa ilipo. Boksi la kawaida la wachezaji wakubwa lilikuwa na wachezaji 150, na watatu tu kati yao ndio wale unaowataka. Unalipa sarafu 100 kwa kuvuta mara moja, au 900 kwa kuvuta mara kumi. Bahati yako ikiwa mbaya kabisa, utavuta boksi zima, sarafu 13,500, ndipo uwamalize wote watatu. Wengine 147 ni wa kujaza nafasi. Sarafu kidogo unazipata kwa kuingia kila siku na kumaliza kazi ndogondogo, ila zikikuishia ukiwa umebakiza mchezaji mmoja, kitufe cha kununua kipo hapohapo. Na wiki chache baadaye analetwa mwingine mwenye namba kubwa zaidi, aliyekugharimu anaanza kukaa benchi. Nimewaona vijana wa shule wakifanya hivi kwa pesa ya nauli. Nasema kwa uchungu, hii siyo njia ya kumuuzia mtoto mpira.

Kibiashara Konami hawakukosea, na lazima tukubali hivyo. Diski moja ya PES waliiuza mara moja kwa mwaka. Huku kwetu hata hiyo mara moja hawakuipata, kwa sababu tulicheza za kuchoma. Leo kijana wa Tandale au wa Kisauni ambaye asingenunua diski halisi maishani mwake anaweza kuwalipa kidogokidogo kwa simu. Soko la simu ndilo lililowaokoa baada ya aibu ya 2021, na wala sioni dalili ya eFootball kufa karibuni. Hata FIFA wenyewe, shirikisho la mpira la dunia, baada ya kuachana na EA ambao tangu 2023 wanaiita gemu yao EA Sports FC, walikwenda kufanya kazi na Konami, na Desemba 2024 fainali za FIFAe World Cup kwa eFootball zikachezwa Riyadh. Miaka kumi iliyopita ungemwambia shabiki wa PES kwamba FIFA itakuja kwetu angekukumbatia.

Kwa hiyo wanaotabiri kila mwaka kwamba Konami watafunga duka wananipotezea muda. Ninachokiona mimi ni tofauti, na nadhani kitawauma baadaye.

Angalia wanachouza kwa bei kubwa kuliko vyote. Adriano. Nedvěd. Nakata. Kadi hizi zinapotoka, wanaokimbilia ni watu wa umri wangu, waliowaona wachezaji hao kwenye PES zenyewe. Adriano ni hadithi kwa sababu ya yale mashuti ya PES 6, na hadithi hiyo Konami waliijenga kwa gemu iliyokaa kwenye sebule na vibanda, watu wawili bega kwa bega. Leo wanaivuna kwa maboksi, na hawapandi nyingine. Mtoto aliyeanza na eFootball ya simu mwaka 2022 atakumbuka nini mwaka 2035? Hana Castolo. Hana kijana aliyemnunua akiwa na miaka 17 akamlea hadi akastaafu. Ana orodha ya kadi, na kila kadi imeshapitwa na nyingine. Huyo likija tangazo la gemu nyingine ya bure yenye michoro mizuri zaidi atahama bila kugeuka nyuma, kwa kuwa hakuna kinachomshikilia. Konami wanakula mbegu, na wanaonyesha hesabu ya ghala kama ushahidi kwamba kilimo kinakwenda vizuri.

Kwenye konsoli mambo ni mabaya zaidi. EA wamebaki karibu peke yao. Mashabiki wao nao wanalalamika kila msimu, ila hawana pa kwenda. UFL, gemu nyingine ya mpira, ilitoka Desemba 2024 ikiwa ya bure, na nilikuwa na hamu nayo, lakini nayo iliegemea mechi za mtandaoni. Mtu anayetaka kukaa nyumbani bila intaneti, aendeshe klabu yake miaka mingi ya gemu, anabaki na EA tu. Zamani PES ikifanya vizuri, FIFA ya mwaka unaofuata ilikuwa inashtuka. Sasa hakuna wa kuwashtua.

Na msiniambie kwamba wanaoitaka Master League wamebaki wachache. PES 2021 iliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni na seva zake zikazimwa, lakini nenda kwenye vibanda vyenye kompyuta uone kinachochezwa. Utamkuta Haaland yuko City na Bellingham yuko Madrid, ndani ya gemu iliyotoka kabla hawajahamia huko. Jezi za msimu huu zimo, nyasi za viwanja zimebadilishwa, mbao za matangazo zimesasishwa. Yote hayo yanafanywa na mashabiki usiku, wengine bila malipo yoyote, kwa gemu ambayo mwenyewe ameitelekeza. PES 2017 bado ina watu wake. Kwenye simu zisizo na nguvu, PES za PSP, ile konsoli ya zamani ya mkononi ya Sony, zinaendelea kuzunguka kutoka simu moja hadi nyingine, na usajili mpya umeshawekwa kabla hata dirisha halijafungwa. Soko lipo na linajihudumia lenyewe, kwa sababu aliyetakiwa kulihudumia yuko bize na maboksi.

Wenye vibanda ndio nawaonea huruma zaidi. Biashara yao inategemea watu wawili, skrini moja, mechi fupi, foleni inasogea. eFootball imejengwa kwa mtu mmoja mwenye akaunti yake, na karibu kila kilicho cha maana ndani yake kinataka intaneti. Mteja hawezi kuja na kikosi chake alichokivuta kwenye simu akakiweka kwenye PS4 ya kibandani. Hivyo mwenye kibanda anaweka FC ya EA, au anabaki na PES ya zamani hadi mashine ife.

Sidai eFootball ifutwe wala maboksi yaondolewe kesho, maana najua ndiyo yanayolipa mishahara. Nataka Konami watimize walichokisema wenyewe. Waitoe Master League kama nyongeza ya kulipia mara moja, ichezeke bila intaneti, na mechi ya watu wawili kwenye skrini moja iwe na timu zote. Waturudishie na sehemu ya kuhariri timu kama ilivyokuwa, mashabiki watafanya kazi iliyobaki wenyewe. PES 2021 ilitoka kwa dola 30 hivi. Wakiweka bei hiyohiyo nalipa siku ya kwanza, tena kwa nakala halali, na najua wenye vibanda ambao watalipa kabla yangu.