Kisanduku cha "Mwislamu" katika jedwali la mtafiti

Ramadhani iliyopita, saa kumi alasiri, nilimsindikiza mama mkubwa wangu, mkazi wa Magomeni, kwenda duka la dawa kununua vidonge vyake vya sukari. Muuzaji aliandika kwa kalamu juu ya pakiti "1 x 2", akaeleza kuwa ni kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, baada ya chakula. Mama mkubwa akamuuliza: "Asubuhi ipi, mwanangu, ya daku au hii ambayo nimefunga?" Kijana akatabasamu, akasema amuulize daktari. Daktari, kwa maelezo ya mama mkubwa, alikwishamwambia asifunge, basi, na mazungumzo yakaishia hapo. Naye alikuwa amefunga, kama alivyofunga kila mwaka tangu usichana wake.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinagusa swali ambalo watafiti wanabishana juu yake: je, ipo haja ya kuchunguza afya, fedha na mitazamo ya Waislamu kama kundi la peke yake? Wanaopinga wanasema kwamba kongosho la Mwislamu halina tofauti na la Mkristo, kwamba bei za sokoni hazimuulizi mtu dini yake, na kwamba kuwatenga watu kwa imani zao katika majedwali ni kupanda mbegu ya mgawanyiko. Hoja hiyo haipuuziki katika nchi yetu, Tanzania, ambako dini haijaulizwa katika sensa tangu ile ya 1967, na ambako mwaka 2012 baadhi ya Waislamu walihamasisha kuisusia sensa kwa sababu hiyohiyo ya kutoulizwa. Wanaounga mkono wanajibu kwamba usipouliza, hujui, na asiyejulikana hahudumiwi.

Katika suala la kisukari, naona upande wa pili una nguvu zaidi. Utafiti uitwao EPIDIAR, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2004, uliwahusisha wagonjwa zaidi ya 12,000 katika nchi 13 zenye Waislamu wengi. Ulionyesha kwamba asilimia 43 ya wenye kisukari cha aina ya kwanza, na asilimia 79 ya wenye aina ya pili, walifunga angalau siku 15 za Ramadhani. Ulionyesha pia kwamba matukio ya sukari kushuka kwa kiwango cha hatari yaliongezeka mara 4.7 kwa kundi la kwanza na mara 7.5 kwa kundi la pili. Ukizisoma takwimu hizo pamoja, unaelewa kwa nini neno "usifunge" pekee halitoshi: hatari ni ya kweli, lakini wagonjwa wengi wanafunga hata hivyo. Ndiyo maana mwaka 2016 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilishirikiana na wataalamu wa kisukari na Ramadhani kutoa mwongozo, uliorekebishwa mwaka 2021, unaowapanga wagonjwa kwa kiwango cha hatari, unaoeleza namna ya kuhamishia dawa kwenye daku na futari, na unaomtaka mgonjwa afungue mara moja sukari inaposhuka chini ya 3.9 mmol kwa lita. Mwongozo huo unasisitiza pia kwamba kujitoboa kidole ili kupima hakubatilishi saumu, jambo ambalo wazee wengi hapa mtaani wanalitilia shaka. Kwa maneno mengine, swali la mama mkubwa lilikwishajibiwa miaka mingi nyuma. Jibu ndilo halijafika kwenye dirisha la duka la dawa.

Hata hivyo, si kila utafiti wa aina hii unasimama imara kiasi hicho. Mwaka 2011 wachumi Douglas Almond na Bhashkar Mazumder walichapisha utafiti juu ya watoto ambao mimba zao zilipitia Ramadhani. Katika jimbo la Michigan, Marekani, walikuta kwamba watoto wa mama wenye asili ya Kiarabu walizaliwa na uzito mdogo zaidi, na kwa kutumia takwimu za sensa za Uganda na Iraki walikuta kwamba Waislamu watu wazima ambao Ramadhani iliangukia mwanzoni mwa mimba zao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa takriban asilimia 20, wa kuwa na ulemavu. Werevu wa kazi hiyo umo katika kalenda. Kwa kuwa Ramadhani husogea nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, majira hayawezi kuchanganywa na mfungo, na anayelinganishwa ni Mwislamu kwa Mwislamu, si Mwislamu kwa jirani yake. Udhaifu wake ni kwamba takwimu hizo hazikuonyesha ni mama yupi alifunga. Sheria ya Kiislamu inampa mjamzito anayehofia afya yake ruhusa ya kula na kulipa siku zake baadaye, na wengi wanaitumia. Wenye utafiti wana utetezi: ikiwa baadhi hawakufunga, basi athari kwa waliofunga ni kubwa kuliko inavyoonekana. Utetezi huo unakubalika kihesabu. Lakini gazeti likiandika kwamba "mama wa Kiislamu wanawadhuru watoto wao", hesabu hiyo haitasomwa, na ruhusa ile haitatajwa.

Hatari kubwa zaidi ni kuisingizia dini jambo lenye chanzo kingine. Mwaka 2003 jimbo la Kano, kaskazini mwa Nigeria, lilisimamisha chanjo ya polio, na wengi walieleza kisa hicho kama ukaidi wa kidini. Ni mara chache walikumbusha kwamba mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya dawa ya Pfizer ilifanyia majaribio dawa yake kwa watoto wa Kano, na familia zao zikaenda mahakamani. Kwa upande mwingine, mgomo ulikwisha mwaka 2004 baada ya kuletwa chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi, kwa hiyo siwezi kusema kwamba imani haikuwa na nafasi yoyote. Ilikuwa na nafasi katika kuchagua nani wa kuaminiwa, ilhali kutoaminiana kwenyewe kulikuwa na historia yake.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Tangu Amana Bank ilipoanza kazi hapa Dar es Salaam mwaka 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini inayofuata sharia kikamilifu, imekuwa kawaida kusikia kwamba Waislamu wako nje ya mabenki kwa sababu ya riba. Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2017 ulikuta kwamba, duniani kote, ni asilimia 6 tu ya watu wazima wasio na akaunti waliotaja sababu za kidini, na sababu kuu ilikuwa ni kutokuwa na fedha za kutosha. Lakini jaribio lililofanywa Yordani lilionyesha kwamba mkopo ulipotolewa kwa utaratibu wa sharia, walioomba walipanda kutoka asilimia 18 hadi 22. Mimi huamini zaidi ushahidi wa namna hii, kwa sababu unatazama mtu alichofanya pale alipowekewa mkopo mbele yake, hausubiri ajieleze mbele ya mgeni mwenye dodoso. Wanawake wa mtaani kwetu wanaocheza upatu hawatozani riba hata shilingi moja, na sijamsikia hata mmoja akiuita mchezo huo fedha za Kiislamu.

Mitazamo ya jamii ndiyo eneo ninalolitilia shaka kuliko yote. Kituo cha Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, kilichapisha mwaka 2012 utafiti wa mahojiano zaidi ya 38,000 katika nchi 39, Tanzania ikiwemo, na kutokana nao imeenea takwimu kwamba takriban asilimia 40 ya Waislamu wa nchi hii ni Sunni, 20 ni Shia na 15 ni Ahmadiyya. Anayeijua misikiti kuanzia Kariakoo hadi Mbagala atashtuka kwa ukubwa wa namba hizo mbili za mwisho. Sidhani kama kuna aliyedanganya. Dhana yangu ni kwamba mtu aliyelelewa akijua kuwa yeye ni Mwislamu, na labda Shafi, yaani mfuasi wa mojawapo ya shule za sheria za Kisunni, alipotajiwa orodha ya majina ambayo hayatumii nyumbani kwake, alichagua lolote lililosikika vizuri.

Kwa hiyo siungi mkono kukifuta kisanduku cha "Mwislamu" katika jedwali, wala siungi mkono kukiachia kieleze kila kitu. Kliniki zetu za kisukari zinaweza kuanza na swali moja, miezi miwili kabla ya Ramadhani, ambalo ataulizwa kila mgonjwa bila kuulizwa dini: "Je, una mfungo wowote unaokuja, na unakusudia kufunga siku ngapi?" Litamnasa mama mkubwa, na litamnasa pia jirani yake anayefunga Kwaresima, ambaye hadi leo hakuna utafiti wa Waislamu utakaomkuta.