Kimeng'enya Nani?

Hamira ni kiumbe mbishi. Kwenye hadubini utaona vijiduara vya upole, kumbe kila kimoja kimejifungia ndani ya ukuta: juu manoprotini (protini zilizovikwa sukari), chini yake beta-glukani (minyororo ya sukari), na kaitini kidogo, ile ya maganda ya wadudu, ya kukazia. Mimi shida yangu ilikuwa mitokondria tu, vile vinu vya nishati ndani ya seli, tena nzima, kwa hiyo ukuta ulitakiwa uvuliwe taratibu. Kazi hiyo ni ya zaimoliasi, kimeng'enya kinachotafuna beta-glukani, seli zikiwa zimelowekwa kwenye maji ya sorbitoli, jamii ya sukari, ili zisinywe maji zikapasuka. Mwisho unabaki na seli uchi, wenyewe wanaziita sferoplasti.

Mirija yangu ilikuwa ndani ya inkubeta, nyuzi 30, mwenzangu alipoamua kuandaa fungu la pili. Kabla ya kimeng'enya, manoprotini hulegezwa kwa merkaptoethanoli, na chupa yake hufunguliwa ndani ya kabati la kufyonza hewa. Yeye kaifungulia mezani. "Tone moja tu, kaka."

Tone moja! Kemikali hiyo ni ya ukoo mmoja na ile inayotiwa kwenye gesi ya kupikia makusudi, ili watu wakinusa wakimbie. Basi watu walinusa, wakakimbia. King'ora kikalia, jengo zima tukajikuta nje, na mwenzangu naye katikati ya umati akiuliza kwa mshangao gesi imevuja wapi.

Mimi roho ilikuwa kwenye inkubeta. Nikamfuata mlinzi mlangoni.

"Afande, naomba niingie mara moja. Seli zangu zinavuliwa humo ndani, zikizidisha muda zinaharibika."

Akanitazama juu mpaka chini. "Zinavuliwa na nani?"

"Na kimeng'enya."

Akachomoa daftari. "Kimeng'enya nani? Jina la pili?"

Tuliporuhusiwa kurudi, zaimoliasi ilikuwa imekula ikasaza. Nikadondosha tone chini ya hadubini: hakuna vijiduara, ni magamba matupu na takataka zikielea. Nikachovya pipeti, nikainua, ukafuata uzi wa ute mrefu usiokatika. DNA ikimwagika kutoka kwenye seli hunata hivyo. Nikainua zaidi, nao ukazidi kurefuka, mpaka nikasimama juu ya kigoda.

Hapo ndipo profesa akaingia.

"Hiyo ndiyo mitokondria?"

"Hii ni DNA, profesa."

Akauangalia uzi kuanzia juu hadi chini.

"Nani kaiagiza?"